Safu ya Salio

Walinipa daftari la fedha, mimi wa Hisabati darasa la tano,
kwa kuwa, walisema, sina haraka.
Shilingi ishirini kwa kila kilo ya korosho
iliyopita mzanini msimu uliokwisha:
milioni mbili, laki moja na kitu.
Barua ikasema ni ya watoto wenye uhitaji zaidi.
Haikusema ni akina nani.

Kikaoni, Bwana Nampota alitaka geti.
Geti la chuma, jina la shule kwa rangi ya bluu,
mgeni akija Newala ajue amefika.
Mwalimu mkuu alitaka mitihani ya kila mwezi.
Bi Ajira wa kamati ya wazazi akauliza
kama geti huliwa kwa mboga au kavu.
Tukacheka. Tukaandika majina arobaini na mawili.

Hapa nakiri kwa wino, wala sifuti:
Jumatatu, mstarini, niliyasoma yote
kwa sauti ileile ninayosomea jedwali la saba.
Pita mbele. Pita mbele.
Kwa dakika kumi shule nzima ikajifunza
nyumba ipi haina kitu.
Mfaume Likapa alipokea shati kwa mikono miwili,
mikono yenye mabaka ya mafuta ya maganda,
akasema asante.
Jumanne hakuja.
Jumatano hakuja.
Alhamisi mdogo wake akalileta shati
ndani ya mfuko wa sukari, limekunjwa, pini zake zote.

Mapato. Matumizi. Salio.
Nilitafuta safu ya kuliandika hilo.

Nilikwenda kwao. Bibi yake alikuwa anabangua korosho,
hakuinua uso.
"Mjukuu wangu si mtoro, mwalimu. Umemnadi."
Basi. Akaendelea kugonga, ganda huku, kiini kule.

Kesho yake saa kumi na moja alfajiri
nikamkuta njia ya bondeni, ndoo kichwani, anapandisha.
Sikumuuliza kwa nini haji. Niliuliza ndoo ngapi.
"Mbili. Moja ya bibi, moja ya kuuza."
Nikapiga hesabu pale pale, nahema kuliko yeye:
kushuka, kupanga foleni kisimani, kupanda,
kushuka tena.
Kumbe kengele yetu ya saa moja na nusu
hugongwa yeye akiwa katikati ya mlima,
nasi tunamngoja getini na fimbo.
Geti lenyewe hatuna.

Kikao cha pili kilikuwa kifupi.
Tangi la lita elfu tano, mifereji ya bati,
na bomba moja nyuma ya darasa la tatu.
Kila mtoto, nilisema, si arobaini na wawili,
kila mtoto aondoke na ndoo yake jioni.
Nampota akanuna, kisha akatoa saruji.
Sare zilizobaki nikazifungia kabati la chaki.
Mwenye shati lililochanika namtuma chaki;
akirudi na jipya, hakuna anayegeuza shingo.

Sitadanganya: Septemba tangi lilikauka,
tukanunua maji ya gari kwa fedha ya mitihani,
na mwalimu mkuu hakunisemesha wiki nzima.

Kisha akaja mkaguzi wa halmashauri, viatu vyekundu kwa vumbi.
Risiti alizipenda. Orodha hakuiona.
"Walengwa wako wapi, mwalimu? Majina, na sahihi zao."
Ilikuwa saa tisa. Nikampeleka nyuma ya darasa la tatu.
Foleni ndefu, ndoo za kila rangi,
Mfaume wa nne, akibishana mambo ya mpira
na mtoto wa mwenye duka.
"Sasa hapa mwenye uhitaji ni yupi?"

Nikamwambia bomba linavuja,
spana ni elfu nane,
na salio ni sifuri.